Hapa Mtaani Hatutaki Siasa

Kundi letu la WhatsApp la mtaa lina kanuni tatu, zimebandikwa juu kabisa ili mgeni akiingia asije akadai hakuziona. Ya kwanza, salamu za asubuhi zenye picha za maua zitumwe kabla ya saa mbili. Ya pili, matangazo ya biashara ni Jumamosi tu. Ya tatu imeandikwa kwa herufi kubwa: HAPA HATUTAKI SIASA.

Novemba 2024, wiki ya kampeni za uchaguzi wa serikali za mitaa, mama mmoja anayekaanga vitumbua kwenye kona ya msikiti alituma picha ya mtaro. Maji meusi, yamejaa chupa na mifuko, yanalamba kizingiti cha nyumba yake. Chini ya picha akaandika: "Wagombea wote wawili wamo humu. Naomba kila mmoja atuambie huu mtaro atauzibua lini na kwa hela ipi."

Hazikupita dakika tano. Admini wetu, mwalimu mstaafu tunayemheshimu sote, akaufuta ujumbe, kisha akaandika kwa upole wake ule ule wa darasani: "Mama, naomba uniwie radhi. Kanuni yetu unaijua. Mambo ya siasa tuyaache nje." Mama akajibu: "Sawa mwalimu. Shikamoo." Asubuhi yake maua yakaendelea kama kawaida.

Mwalimu simlaumu. Amewahi kuona kundi jingine likivunjika kwa sababu ya kijembe kimoja cha chama, na hakutaka la kwetu, lililozika watu na kuchangia harusi, lifie hapo. Lakini jambo lile limenikaa. Tulikuwa tunachagua mwenyekiti wa mtaa. Mtaro ni wa mtaa. Aliyeuliza ni mkazi wa mtaa, walioulizwa ni wakazi wa mtaa, na walikuwa humo humo kundini wakisoma. Kama hilo ndilo liitwalo siasa na likafukuzwa, kilichobaki ndani ya uchaguzi ule kilikuwa nini?

Nadhani jibu linaanzia kwenye namna tunavyosemeshwa. Kwa miaka mingi mawasiliano ya kisiasa nchini yamelifinyanga neno siasa hadi likawa na maana moja tu: rangi za vyama, majukwaa, nyimbo na matusi. Mambo ya taka, maji, taa za barabarani na ugomvi wa mipaka yamewekwa kapu jingine, kapu la "maendeleo", ambalo mtu mwenye adabu analijadili bila kumtaja anayegombea. Makapu hayo mawili yakishatenganishwa, mwananchi anaweza kwenda kupiga kura na asiwe ameshiriki chochote.

Lisikilize neno linalotumika kutuita: kujitokeza. "Wananchi jitokezeni kwa wingi." Redio inasema hivyo, mkuu wa wilaya anasema hivyo, na ile kirikuu yenye spika mbili mgongoni inasema hivyo tangu saa mbili asubuhi, inakatiza singeli katikati, inatangaza, halafu inarudisha singeli. Nilikuwa nimekaa kwa yule mama nasubiri vitumbua vipoe ilipopita kwa mara ya tatu siku hiyo. Mafuta yanachemka, watu wamenyamaza kwa sababu hakuna anayeweza kusikika. Ilipokata kona, mama akageuza kitumbua kwa kijiti chake na kusema, bila kumwangalia mtu: "Haya, tushajitokeza. Tukishajitokeza, tunafanyaje?"

Mtu hujitokeza ili aonekane. Kitenzi hicho hakina ndani yake kuuliza, kupima wala kukataa. Anayejitokeza anahesabiwa, basi. Na kweli tulihesabiwa. Kwa siku kumi, Oktoba 11 hadi 20, zaidi ya watu milioni 31 waliandikwa kwenye orodha ya wapiga kura, na baada ya Novemba 27 serikali ikatangaza kwamba waliopiga kura walikuwa asilimia 86 ya walioandikishwa. Chama Cha Mapinduzi (CCM) kikachukua zaidi ya asilimia 98 ya vijiji, mitaa na vitongoji. Wapinzani walilalamikia namba hizo na yaliyotokea kabla yake, na wana sababu zao ambazo nitazigusa. Ila hata ukizipokea zote kama zilivyotangazwa, bado zinahesabu vichwa. Haziwezi kukwambia ni mitaa mingapi, kati ya ile zaidi ya elfu nne iliyopiga kura, ambamo mgombea aliulizwa swali moja akalijibu mbele ya majirani zake.

Hiyo orodha yenyewe ni somo tosha la mawasiliano. Mwaka ule ule Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilikuwa inazunguka mikoani kuboresha daftari la kudumu la wapiga kura, lile linalompa mtu kadi. Uchaguzi wa mitaa hausimamiwi na Tume. Unasimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, iliyokuwa wakati huo chini ya Ofisi ya Rais, nayo ina orodha yake ya wakazi, inayoandikwa upya mtaani kila uchaguzi na haitoi kadi. Mtu mwenye kadi mfukoni alijiona ameshamaliza. Watumishi walieleza, redio zikaeleza, kirikuu ikaeleza, na bado siku ya mwisho ya kujiandikisha nilimkuta jirani yangu, fundi seremala, amesimama mlangoni pa ofisi ya mtaa na kadi mkononi, anabishana na karani: "Sasa hii ni ya nini?" Karani akamjibu kwamba hiyo ni ya uchaguzi mkuu. Seremala akaandikwa, akatoka, akaniambia kwamba nchi hii ina wapiga kura wawili ndani ya mtu mmoja. Sikuwa na la kuongeza.

Kilichomkwaza yule fundi hakikuwa uhaba wa matangazo. Matangazo yalikuwa mengi kupita kiasi. Hakuna aliyemweleza kwa nini viko vitabu viwili, nani anashika kipi, na kwa nini anayesimamia uchaguzi wa mwenyekiti wake ni waziri aliyeteuliwa na Rais ambaye ni mwenyekiti wa chama kinachoshindana. Swali hilo limepelekwa mahakamani na wanaharakati na kurudiwa na vyama kwenye kila meza ya maridhiano. Kwenye kirikuu halikupanda.

Mjini huwa tunasahau kazi ya serikali ya kijiji na ya mtaa kwa sababu kwetu inaonekana ni mhuri tu. Unataka kitambulisho cha taifa, barua ya utambulisho. Ndugu yako yuko mahabusu, unahitaji barua ili umdhamini. Unafungua akaunti, barua. Lakini nenda kijijini. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mtu mzima, ndio wenye kauli juu ya kuigawa. Ukimpata mwenyekiti anayefunga mikutano mapema, unaweza kuamka siku moja ukaona bikoni kwenye malisho ya baba yako. Uchaguzi wenye uzito huo ulipewa siku saba za kampeni, Novemba 20 hadi 26. Harusi ya mjini inachukua vikao vingi kuliko hivyo.

Siku saba zinatosha kuimba. Kujadiliana kunataka zaidi. Kwa hiyo kinachoimbwa ni kile kilichopikwa juu. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka kauli ya mafiga matatu: Rais, mbunge na diwani watoke chama kimoja, maana chungu hakikai juu ya mawe mawili. Kama kazi ya lugha, niivulie kofia. Imechukuliwa jikoni, kila bibi anaielewa, na ubishi wake ni mgumu kwa sababu kweli chungu hakikai juu ya mawe mawili. Lakini angalia inachomwambia mpiga kura kuhusu diwani wake. Inamwambia diwani ni jiwe. Thamani yake ni kufanana na mawe mengine mawili. Kama anakuja kwenye vikao au haji, kama barabara ya kata imepita au haikupita, hayo hayana nafasi kwenye picha. Mwenyekiti wa mtaa, yeye hakupata hata ujiwe. Yuko nje ya jiko, anapuliza moto.

Wakenya nao wana yao, ya suti. Mgombea urais anawaomba watu wapige kura sita za rangi moja, kuanzia Ikulu hadi mwakilishi wa wadi, kama mtu anayenunua suti kamili bila kujaribu suruali. Wadi 1,450 zinachaguliwa siku moja na Rais, na sauti ya Rais ndiyo inayosikika. Sisi angalau mitaa tumeipa siku yake, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, na hilo ni jambo la kujivunia. Tatizo ni kwamba siku yenyewe tumeigeuza mazoezi ya uchaguzi mkuu. Chama kinapima mitambo yake, kinahesabu mashina, na wachambuzi wa televisheni wanajadili Novemba nzima "dalili" za Oktoba inayofuata. Mtaro hauna dalili.

Tuwe wakweli pia kuhusu nani anaongea vizuri huku chini. CCM ina mjumbe. Mpangilio wa nyumba kumi ulianzishwa enzi za TANU, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992 ukabaki mali ya chama, lakini nenda Mbagala au Manzese ukaulize: ukigombana na mpangaji mwenzako unakwenda kwa nani kwanza? Kwa mjumbe. Watu wengi hawajui hata kwamba ni kiongozi wa chama. Wanadhani ni serikali. Anajua nani anaumwa, nani kafiwa, nani kahamia jana usiku na mzigo mdogo. Hana kipaza sauti na hahitaji. Huo ndio mtandao wa mawasiliano ya kisiasa wenye mizizi kuliko yote nchini, na wala haukuanza na simu. Chadema, chama cha upinzani, walipokuja na chopa, watoto walikimbilia uwanjani kuishangaa, na umati ukawa umati kweli. Chopa ikiondoka, vumbi linatulia, na mjumbe bado yuko pale pale kwenye kibaraza chake.

Wapinzani waliliona hilo, wakajaribu kujenga kuanzia misingi. Desemba 2014, vyama vya UKAWA, muungano wa upinzani, vikiwa vimetoka kususia Bunge Maalum la Katiba, vilichukua mamia ya mitaa na maelfu ya vitongoji. Naikumbuka ile Desemba kwa jambo moja dogo: mtaani kwetu watu walibishana juu ya watu. Fulani mlevi, fulani anakula michango ya ulinzi shirikishi, fulani kijana lakini anasikiliza. Ubishi ulikuwa mkali na mara nyingine wa kijinga, na ulinoga kwa sababu ulikuwa wa hapa hapa.

Kisha ukaja ukimya. Katikati ya 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ikapigwa marufuku, mbunge akiruhusiwa jimboni kwake tu, na katazo hilo likakaa hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoliondoa Januari 3, 2023. Zaidi ya miaka sita. Katikati yake ukapita uchaguzi wa mitaa wa Novemba 2019, ambao neno lake kuu lilikuwa kuenguliwa. Wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi, wengi kwa madai ya kukosea fomu. Chadema ikajitoa, vyama vingine vikafuata, na CCM ikashinda karibu kila kitu. Serikali ikasisitiza kwamba sheria ilifuatwa. Mimi nataka kuangalia upande mwingine: mwananchi aliambiwa nini na tukio lile? Mtu aliyepanga kumchagua jirani yake, akasikia jirani ameondolewa kwa sababu ya herufi, anapokea ujumbe ulio wazi kuliko hotuba yoyote. Na aliyesikia kwamba mwenyekiti wake "amepita bila kupingwa" amefundishwa kwamba kupingwa ni balaa ambalo mtu mwema huepushwa nalo.

Woga nao ni mawasiliano. Septemba 2024, chini ya miezi mitatu kabla ya kura, kada wa Chadema Ali Mohamed Kibao alishushwa kwenye basi na baadaye akapatikana ameuawa. Rais aliagiza uchunguzi. Huku kwetu hakuna aliyetuma habari ile kundini, na hakuna aliyehitaji kukumbushwa kanuni ya tatu. Nilipomuuliza mwalimu, wakati mwingine kabisa, kwa nini kanuni ile imeandikwa kwa herufi kubwa na nyingine kwa ndogo, alicheka kidogo. "Mwanangu," akasema, "nyingine ni za adabu."

Sheria nayo inausaidia woga huo kwa njia yake ya kiofisi. Huwezi kugombea hata uenyekiti wa kitongoji bila kudhaminiwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila aliisumbua nchi kwa suala la mgombea binafsi hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikampa haki mwaka 2013. Alifariki mwaka 2015 na sheria ikiwa pale pale. Kwa urais nayaelewa mabishano ya pande zote. Kwa kitongoji chenye kaya mia moja siyaelewi. Mama wa vitumbua, anayejua kila mtaro na kila mdaiwa wa ada ya taka, angekuwa mwenyekiti mzuri kuliko wengi niliowaona. Ili agombee, kwanza achague rangi. Akishachagua, nusu ya wateja wake watamwita mwanasiasa, na picha yake ya mtaro itakuwa kijembe cha chama hata kama maji yamefika kitandani.

Natamani tungerudi nyuma kidogo, kabla ya kampeni, kwenye mawasiliano ambayo hayana spika. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu, na mtaa nao una mkutano wake wa wakazi. Hapo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Kwa hesabu ya kawaida, kijiji kinachofuata sheria kinafanya mikutano ishirini kati ya uchaguzi na uchaguzi. Mtu aliyehudhuria hata nusu yake haji kwenye kampeni kuambiwa mgombea ni nani. Amemwona akijibu, akikwepa, akikasirika, akisinzia. Na mtu ambaye hajawahi kuitwa kwenye hata mmoja, zile siku saba unampa nini zaidi ya fulana?

Ofisi yetu ya mtaa ina mlango wa bati uliopakwa rangi ya buluu. Juu yake, wiki ile ya kampeni, kulikuwa na karatasi mpya za wagombea na mabango ya kujitokeza, na chini yake karatasi ya zamani ambayo hakuna aliyejisumbua kuibandua. Niliinama kuisoma. Ilikuwa taarifa ya mapato na matumizi ya robo moja ya mwaka 2022. Jua lilikuwa limeifyonza, gundi imegeuka ya njano, mjusi ameacha alama zake pembeni. Mstari mmoja tu ulisomeka vizuri: "Mengineyo", na mbele yake tarakimu ambayo mvua ilikuwa imeila mwisho, kwa hiyo sijui kama ni maelfu au malaki.

Nchi hii imewahi kufuta serikali za mitaa kabisa. Mwaka 1972, kwa jina la Madaraka Mikoani, halmashauri za kuchaguliwa zilivunjwa na maofisa wakatumwa kutoka juu kuleta maendeleo. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri, alipokaribia kung'atuka, kwamba hilo ni moja ya mambo ambayo angepewa nafasi ya kuanza upya asingeyafanya. Sheria za 1982 zikazirudisha. Ninapoisikia kirikuu ikipita, huwa najiuliza kama sauti ya 1972 iliondoka kweli. Inatoka juu, inateremka, inatangaza, inakata kona. Majengo ya halmashauri tuliyarudisha. Njia ya maneno kupanda tuliisahau.

Mwaka uliofuata uchaguzi ule, mwenyekiti wetu mpya aliitisha mkutano wa mtaa, na haki yake nimpe, aliutangaza kundini siku nne kabla. Ajenda zilikuwa tano: kufungua, ulinzi shirikishi, maandalizi ya kumpokea mgeni rasmi, mengineyo, kufunga. Yakapita madole gumba kama ishirini. Halafu mama wa vitumbua akaandika: "Mwenyekiti, shikamoo. Mtaro uko namba ngapi?" Tukangoja, wote tukijua mwalimu anasoma. Ujumbe haukufutwa. Baada ya nusu saa mwenyekiti akajibu: "Marahaba. Namba nne."

Mkutano ulifanyika chini ya mwembe nyuma ya ofisi, saa kumi jioni. Ulinzi shirikishi ulichukua dakika arobaini. Mgeni rasmi, ambaye hata siku yake ilikuwa bado haijapangwa, alichukua saa nzima: nani atapika, nani ataleta turubai, vijana wa ngoma watalipwa au watajitolea. Kivuli cha mwembe kilikuwa kimeshahamia ukutani mwenyekiti alipotazama saa yake na kusema tumebakiza mengineyo, tafadhali kwa ufupi, kama yupo mwenye la kusema anyooshe mkono. Wa yule mama ulikuwa juu tangu namba mbili.